Kezilahabi aliusema Ujamaa waziwazi na hakufungwa. Kwa nini?

#1 Kitabu Chakavu
Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza kuzirudia riwaya nne za Euphrase Kezilahabi kwa mpangilio zilivyotoka: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979). Iangalieni hiyo miaka. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere anatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 kila mtu awe amekwisha hamia. Katikati ya vumbi hilo, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayelipwa na serikali hiyohiyo, anatoa riwaya ambamo mwenye shamba kubwa anamuua kiongozi kwa ajili ya shamba lake, kisha anatoa nyingine ambamo wanakijiji wanagoma kuhamishwa. Anaandika kwa Kiswahili, tena Kiswahili chepesi ambacho balozi wa nyumba kumi angekisoma bila kamusi.

Hakufungwa, hakufukuzwa kazi. Akaenda zake Wisconsin, Marekani, akachukua uzamivu 1985. Na ile Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilikuwepo muda wote huo.

Dai langu: hakuguswa kwa sababu hakuwa mpinzani wa Ujamaa kama tulivyokaririshwa shuleni. Alikuwa mjamaa aliyekata tamaa. Nirekebisheni.

#2 Sina Haraka
Nimeweka kambi. Wajuzi shukeni.

#3 Jembe Kuukuu
Mleta mada umechelewa kupata habari. Kezilahabi alifungwa, alipotoka akakimbilia Botswana. Ndiyo maana alizeekea huko.

#4 Dada Mwalimu
Jembe, hiyo chai unainywa peke yako. Botswana alikwenda katikati ya miaka ya 90, kufundisha chuo kikuu. Mwalimu alikuwa amekwisha toka Ikulu tangu 1985 na vyama vingi vimerudi 1992. Sasa alikuwa anamkimbia nani? Wahadhiri wetu chungu nzima walikwenda Gaborone miaka ile na sababu yao ilikuwa moja, mshahara. Na alifia hapahapa Dar, Januari 2020.

#5 Jembe Kuukuu
Shikamoo mwalimu. Nikae upande gani wa darasa?

#6 Dada Mwalimu
Marahaba. Mbele, nikuone.

#7 Mzee wa Nansio
Vijana, mimi ni wa Ukerewe, na Namagondo alikozaliwa Kezilahabi mwaka 1944 si mbali na kwetu. Niseme neno.

Mnamsoma kama mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa anabishana na Ikulu. Msomeni kama mtoto wa kisiwani aliyepelekwa seminari ya Nyegezi kule Mwanza, akatoka huko na vitabu vingi kichwani, kisha akirudi nyumbani kwa likizo haelewi akae wapi. Kazimoto wa Kichwamaji ndiye huyo. Anashuka na elimu ya chuo kikuu, anakuta wazazi na mihogo, anakuta uchawi unazungumzwa kama hali ya hewa, na yeye hayuko kwa wazee wala kwa wasomi wenzake. Mwisho anajiua. Sasa serikali ingemshitaki kwa kosa gani? Hakuna sheria ya kumfunga mtu kwa kuona dunia haina maana.

Kwa hiyo mleta mada, mimi sikubali hata hilo la mjamaa aliyekata tamaa. Tamaa aliikata kabla ya Ujamaa kufika mbali. Rosa anajiua, Kazimoto anajiua. Huyo ni mtu mwenye ugomvi na maisha yenyewe, siasa imepita njiani ikagongwa.

#8 Kipanga wa Isimani
Mzee wa Nansio heshima yako, lakini hapo umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siasa haikupita njiani.

Mimi kwetu ni Iringa. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Wilaya, Dk. Wilbert Klerruu, shambani kwake Isimani. Isimani ile ilikuwa nchi ya mahindi, watu wana matrekta, na Klerruu alikuwa anasukuma mashamba ya ujamaa kwa nguvu zote. Mwamwindi akaupakia mwili kwenye gari, akaupeleka mwenyewe polisi mjini. Alinyongwa.

Miaka minne baadaye inatoka Dunia Uwanja wa Fujo. Tumaini ana shamba kubwa, siasa inamfuata, anaua kiongozi, anaishia kitanzini. Mtanzania yeyote wa 1975 aliyeshika kitabu kile alijua kinamsema nani. Ukiniambia hiyo ni habari ya maisha kutokuwa na maana nitakuuliza kama ulikuwepo nchini.

#9 Dada Mwalimu
Kipanga, Klerruu alikuwa Mkuu wa MKOA. Mengine yote sawa.

#10 Kipanga wa Isimani
Mkoa, naam. Cheo kimepanda, risasi ni ileile.

#11 Kitabu Chakavu
Kipanga, asante kwa Isimani. Lakini tazama mwandishi anavyomtendea Tumaini. Hamfanyi shujaa. Anamwonyesha akiponda mali za urithi kwa starehe, anamwonyesha akitajirika, halafu anamnyonga. Angekuwa mpinga Ujamaa angetupa mkulima mwadilifu mwenye jembe na Biblia tumlilie. Katupa bepari ambaye hata wewe usingempangisha chumba.

#12 Msomaji wa Eldoret
Salamu kutoka Kenya. Nimefuata uzi huu kimyakimya, sasa niruhusiwe.

Kwetu swali hilo lina jibu lililoandikwa kwa jela. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Petals of Blood Julai 1977, riwaya inayoivua nguo serikali ya Kenyatta. Mnajua nani aliizindua? Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha wakati huo. Wakapiga picha, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyeshikwa. Miezi michache tu baadaye wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, mchezo aliouandika na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ikafuta leseni ya mchezo mwezi wa Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akachukuliwa usiku. Mwaka mzima gereza la Kamiti, bila kesi. Riwaya yake ya Caitaani Mutharabainĩ aliiandikia humo kwa karatasi za choo.

Kabla yake Abdilatif Abdalla alikula miaka mitatu kwa kijikaratasi, Kenya: Twendapi?, cha 1968.

Kwa hivyo mimi husema hivi: serikali haiogopi riwaya. Riwaya husomwa na mtu mmoja kitandani. Huogopa umati uliokaa pamoja ukacheka pamoja. Kezilahabi kwani aliigiza nini wapi?

#13 Mpwa wa Pwani
Eldoret umeingia na mguu mzuri. Kuna jambo wenzako wamelisahau: Kezilahabi aliandika tamthilia. Kaptula la Marx. Aliiandika 1978. Ni habari ya Rais Kapera, kiongozi anayewaongoza watu wake safari ya kwenda nchi ya Usawa huku kavaa kaptula ya Karl Marx isiyomtosha, kubwa, inapwaya. Hapo huhitaji mwalimu wa fasihi akuambie Rais yule ni nani.

Ilichapishwa lini? 1999. Miaka ishirini na moja kabatini.

Basi nadharia yako imekaa. Riwaya zilipita, mchezo haukupita.

#14 Sina Haraka
Huu uzi umenoga. Ila sasa ni nani aliyeuweka kabatini? Mwandishi aliogopa au wachapaji ndio walioogopa?

#15 Mpwa wa Pwani
Sina Haraka, ndipo penyewe hapo. Wachapaji wengi wakubwa walikuwa mashirika ya umma. Meneja wa shirika la umma mwaka 1978 achape Rais mwenye kaptula inayopwaya? Kesho yake yuko Lindi anahesabu magunia.

#16 Jembe Kuukuu
Lindi kuna ubaya gani? Tuheshimiane.

#17 Mzalendo Mstaafu
Vijana mnamsingizia Mwalimu. Nyerere alikuwa mtu wa vitabu. Alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Mtu wa namna hiyo anajua kutofautisha riwaya na uasi. Chuo Kikuu enzi zile kilikuwa uwanja wa mijadala, Walter Rodney alifundisha pale, watu walimbishia Mwalimu usoni pale Nkrumah Hall. Kezilahabi hakufungwa kwa sababu Mwalimu alimruhusu mwandishi aandike. Jibu rahisi ndilo mnalolikimbia.

#18 Kitabu Chakavu
Mzee Mzalendo, nusu ya jibu. Ni chuo hichohicho ambacho mwaka 1970 jumuiya ya wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, ilipigwa marufuku pamoja na jarida lao, Cheche. Na kosa lao lilikuwa kuwa wajamaa kuliko serikali! 1971 rais wa wanafunzi, Akivaga, alifukuzwa chuo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu, wakafukuzwa mamia kwa mamia. Mwaka uleule kaptula inashonwa. Ruhusa ya namna gani hiyo inayobagua?

#19 Mzalendo Mstaafu
Hao waliandamana. Kuandika na kuandamana ni vitu viwili. Wewe mwenyewe umekubaliana na Mkenya hapo #12.

#20 Kitabu Chakavu
Cheche ilikuwa jarida, mzee. Lilikaa kwenye karatasi, halikuandamana.

#21 Dada Mwalimu
Nimewaachia wanaume mzunguke na Klerruu na kaptula mpaka mchoke. Sasa nisikilizwe.

Mnasema hakuna kitabu chake kilichoguswa. Kimeguswa. Rosa Mistika kilizuiwa mashuleni. Hicho mnakiruka kwa sababu mnadhani ni hadithi ya msichana aliyeharibika, na siasa mnaitafuta kwenye mashamba. Hebu kifungueni tena. Rosa anapata barua ya mvulana, baba yake Zakaria, mlevi, anampiga mpaka anazimia. Si kwa ajili ya kumlea. Ni ubabe tu wa mwenye nyumba. Anakwenda shule ya watawa, huko kuna kamba nyingine. Anafika chuo cha ualimu Morogoro, kamba zote zinakatwa siku moja, na wanaomsubiri mlangoni ni watu wazima wenye vyeo: Bwana Maendeleo amekwisha mpitia, mkuu wa chuo naye yumo. Bwana MAENDELEO, jamani. Mwaka 1971. Mtumishi wa serikali aliyetumwa kuwaendeleza wananchi.

Hicho kwangu ndicho kitabu chake cha siasa kuliko vyote. Kinasema mtu aliyelelewa kwa fimbo, ukimpa uhuru ghafla hajui aushike wapi. Taifa lilikuwa na miaka kumi ya uhuru. Wakaguzi waliona ngono, wakazuia. Hawakuona walivyosemwa wao.

Nilikisoma kidato cha pili, kimefunikwa gamba la kitabu cha Jiografia, kinapita kitanda kwa kitanda. Kurasa za katikati zilikuwa zimelegea kwa sababu kila mtu alikuwa anafungulia palepale. Leo mimi ndiye ninayekifundisha, na nawaambia wanangu waanze na Zakaria, sio na kurasa za katikati.

#22 Jembe Kuukuu
Kurasa za katikati ni zipi mwalimu? Kwa ajili ya mtihani.

#23 Dada Mwalimu
Geuka ukutani.

#24 Mzee wa Nansio
Dada umesema vizuri, nami nakupa mkono. Ila umenisaidia mimi pia: humo hamna Ujamaa, na bado mtu anakufa.

#25 Mwana wa Operesheni
Nimekuwa msomaji tu hapa muda mrefu, leo nachangia.

Sijui fasihi. Nilizaliwa wakati wa Operesheni Vijiji, mkoa sitautaja. Mama alinisimulia ile siku. Lori la wilaya limekuja asubuhi na mgambo, wanaambiwa pakieni. Baba hakubishana, alipanda juu ya nyumba akaanza kutoa miti ya paa mmoja mmoja, akaifunga kamba. Kisha akang'oa mlango na fremu yake. Mlango ule ulikuwa wa mninga, kautengeneza fundi kwa mbuzi wawili. Mgambo akasema mlango hauna nafasi kwenye lori. Baba akaubeba kichwani, akaenda kwa miguu nyuma ya lori mpaka kijiji kipya, ambako hapakuwa na kitu zaidi ya vigingi vya kupimia viwanja na mti mmoja wa mkutano. Walilala nje, mlango umeegemezwa kwenye mti. Mvua zilikuwa zinakaribia na mahindi yameachwa kule. Mwaka ule walikula unga wa njano wa msaada.

Sasa nilipoisoma Gamba la Nyoka, vile vijiji vya Kisole na Bucho, nilishangaa huyu mtu wa chuo kikuu kaambiwa na nani. Sikuona kama anapinga wala anaunga mkono. Niliona tu kwamba alikuwepo. Baba yangu, kwa taarifa yenu, alikufa akiwa na kadi ya CCM na picha ya Mwalimu ukutani. Nanyi mnataka Kezilahabi awe upande mmoja.

#26 Sina Haraka
Mwana wa Operesheni, karibu na asante. Mlango bado upo?

#27 Mwana wa Operesheni
Upo. Ni wa stoo ya kaka yangu.

#28 Kipanga wa Isimani
Hii #25 ina uzito. Lakini inanipa nguvu mimi. Mwandishi aliyeishia kushuhudia tu asingetuwekea Mamboleo na Mambosasa, wasomi wawili wanaoujadili ujamaa huku mwanakijiji ndiye anayelala nje. Alichagua pa kusimama. Na Gamba ilitoka 1976, moto ungali unawaka, huo ni ujasiri.

#29 Kitabu Chakavu
1979 mkuu, imo kwenye bandiko la kwanza. Na tofauti ni kubwa. 1976 operesheni inaendelea. 1979 imekwisha, nchi imetoka vita vya Kagera, na chama chenyewe kilikuwa kimeanza kukiri palikuwa na makosa ya utekelezaji. Ukosoaji wa 1979 ulikuwa na mlango wa kutokea: "sera nzuri, watendaji wabovu." Riwaya nyingine za kipindi hicho, Njozi Iliyopotea ya Mung'ong'o kwa mfano (1980), zimo katika hewa hiyohiyo. Kwa hiyo hakuwa peke yake.

#30 Kipanga wa Isimani
Basi na Mung'ong'o naye mtuambie kwa nini hakufungwa. Uzi wako umezaa.

#31 Mpwa wa Pwani
Mimi nipinde kidogo. Watu wa Bara mnamzungumza Kezilahabi kana kwamba vita vyake vilikuwa na serikali. Vita vyake vikubwa vilikuwa na sisi wa vina na mizani. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi huria matupu, hayana kituo hayana kipokeo, wazee wetu waliona ni matusi. Walibishana miaka na miaka, magazetini na vitabuni, Mulokozi na Kahigi upande wake na wanamapokeo upande wa pili. Nawaambia hata Ikulu haikupata hasira ile.

Na ile nayo ilikuwa siasa. Nani mwenye Kiswahili? Mtoto wa Kikerewe kutoka Ziwani kaja kutuambia shairi si lazima lihesabiwe.

#32 Msomaji wa Eldoret
Na mkashindwa, maana shule zote sasa zinafundisha mashairi huru.

#33 Mpwa wa Pwani
Hatujashindwa, tumenyamaza kwa adabu. Harusini hujasikia mtu akighani huria.

#34 Mzee wa Nansio
Mkitaja mtoto wa Kikerewe msimsahau mzee wake. Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe, alimaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyeichapa. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, naye akafariki 1981. Kisiwa kimoja, wa kwanza anangoja miaka thelathini na mitano kwa sababu lugha yake ndogo, wa pili anachapwa kila baada ya miaka miwili. Nadhani Kezilahabi alilijua hilo alipochagua lugha.

#35 Jembe Kuukuu
Mimi nimejifunza kuwa nikitaka kuitukana serikali niandike riwaya, nisiigize. Naanza kesho.

#36 Dada Mwalimu
Anza na barua ya kuomba ruhusa ya kuingia darasani.

#37 Kitabu Chakavu
Kabla hatujatawanyika. Hamjanijibu kuhusu Nagona (1990) na Mzingile (1991). Mtu aliyeandika Gamba la Nyoka, inayosomeka na yeyote, ghafla anatoa vijitabu viwili vyembamba ambavyo hata walimu wanavizunguka. Mtu anatembea, anakutana na vivuli, wafalsafa, magofu, dunia imekwisha. Mzalendo alisema aliruhusiwa kuandika. Kama aliruhusiwa, mbona alianza kujificha?

#38 Mzalendo Mstaafu
Hakujificha. Alirudi kutoka Marekani na uzamivu wa falsafa na fasihi. Wasomi wakirudi huwa hivyo, tunawavumilia.

#39 Kipanga wa Isimani
Mimi naiona tarehe. Nagona 1990, Mzingile 1991, na Februari 1991 ndipo Azimio la Zanzibar linalegeza masharti ya uongozi: kiongozi sasa ruksa kuwa na hisa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Arusha linazikwa bila matanga. Yale magofu ya Mzingile ni nini kama si hayo?

#40 Dada Mwalimu
Hiyo ni kulazimisha, Kipanga. Kitabu kinachotoka 1991 kimeandikwa kabla. Na mtu aliyekwisha mvalisha Rais kaptula inayopwaya hakuwa na haja ya magofu kusema Azimio limekufa. Mimi nadhani alikuwa amechoka kuulizwa swali hili hili la uzi huu, uko upande gani.

#41 Kipanga wa Isimani
Kaptula bado ilikuwa kabatini 1991, Dada. Kwa wasomaji wa wakati ule alikuwa hajasema.

#42 Sina Haraka
Hapo Kipanga kapiga. Mwenye nakala ya Mzingile anitafute inboksi, duka nililozoea wanasema haijarudi kuchapwa.

#43 Mpwa wa Pwani
Ninayo, lakini nilishaazimwa vitabu na watu wa humu. Njoo usomee barazani kwangu, kahawa ipo.